Raba, Brashi na Sindano: Maelezo Kidogo Kuhusu Kunakshi Viatu na Nguo kwa Mkono



Kila nikienda kwenye shughuli za jamaa zetu huku Maryland, iwe arusi au hitima, hakosekani mzazi mmoja wa kunivuta pembeni. Manake watu washajua kwamba huyu mwalimu wa isimu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, Jumamosi hujifungia gereji anapaka rangi raba. Wengine huniuliza kwa dhihaka, lakini wengi wana wasiwasi wa kweli: "Mwalimu, mwanangu kanunua viatu vya dola mia na zaidi, siku ya pili kavimwagia rangi. Huu si wazimu?" Na juzi mwingine akaniuliza swali zito zaidi: mwanawe ameanza kuviuza, je, hatofungwa? Nimeona afadhali nieleze mara moja na kwa urefu, kwani jambo lenyewe lina historia, lina ufundi, na lina sheria, na vijana wetu wanaliingia bila ya kujua hata moja katika hayo matatu.

Kwanza tupatane juu ya majina. Kiingereza kina neno moja la kukifanya kitu cha kiwandani kiwe chako peke yako. Sisi hatuna moja, tuna mengi, na hilo kwangu si upungufu. Kutarizi ni kazi ya sindano na uzi. Kunakshi tumezowea kulisikia kwenye milango na majahazi, lakini asili yake ya Kiarabu ni kupamba kwa kuchora au kuchonga, kwa hivyo rangi juu ya ngozi haitoki nje ya maana hiyo. Na kiatu chenyewe ni raba. Sisi tuliokulia Tanga miaka ya themanini tulikuwa na "raba mtoni", yaani zilizotoka ng'ambo, na mwenye nazo alitembea katikati ya barabara ili aonekane pande zote mbili. Wasiokuwa nazo tulipaka chaki raba zetu za turubai kila Jumapili usiku. Vijana wetu waliozaliwa huku wao husema "kastomu" tu, mambo yakaisha.

Sasa historia. Watu hudhani mchezo huu umeletwa na Instagram. Sivyo. Kampuni ya Vans ilianza 1966 huko Anaheim, California, na tangu miaka yake ya mwanzo mteja aliweza kuleta kitambaa chake mwenyewe akashonewa kiatu. Baadaye wavulana wa shule wa California wakaanza kuchora miraba myeusi na myeupe kwa kalamu kwenye ule mpira wa pembeni mwa soli. Kampuni ikaiona, ikaihamishia kwenye turubai lenyewe, na 1982 ilipotoka sinema ya Fast Times at Ridgemont High, Sean Penn kavaa miraba ile, dunia nzima ikaitaka. Tazameni mfuatano wa mambo hapo: mkono wa mtoto ulitangulia, kiwanda kikafuata.

Hapa jirani yangu, Baltimore, kuna kisa kingine. Air Force 1 ya Nike ilitoka 1982, kiatu cha mpira wa kikapu, kimebuniwa na Bruce Kilgore. Kufikia 1984 kilikuwa njiani kuondolewa sokoni, kama ilivyokuwa desturi ya kampuni kwa viatu vyote vya zamani. Wenye maduka watatu wa Baltimore wakakataa, wakaomba kiendelee kutengenezwa kwa rangi mpya wauze wao, na vijana wa New York wakawa wanateremka hadi Baltimore kuzifuata rangi hizo. Kiatu kikaokoka. Leo ile nyeupe tupu, nyeupe juu mpaka chini, ndiyo karatasi ya karibu kila anayejifunza kupaka rangi, kwa sababu ngozi yake ni pana, laini, na haina makorokoro mengi.

New York nako walishughulika na nguo zaidi. Waliokuwa wakichora kwenye treni wakahamia kwenye migongo ya majaketi ya jinzi. Huko Queens, mwaka 1986, kundi la Shirt Kings lilifungua kibanda katika jumba la maduka la Coliseum, Jamaica, wakipulizia rangi fulana kwa bomba dogo la hewa. Na kabla yao, 1982, Daniel Day anayejulikana kwa jina la Dapper Dan alikuwa ameshafungua duka lake mtaa wa 125, Harlem. Huyu ndiye ninayemsimulia sana wanafunzi wangu. Nyumba kubwa za mitindo za Ulaya hazikuwa na haja na mteja mweusi wa Harlem. Basi Dan akaanza kukata mifuko ya Gucci na kuishonea kwenye nguo, kisha akajifundisha kuchapa alama hizo mwenyewe juu ya ngozi, akazishonea majaketi ya kipimo na mtindo ambao kampuni zenyewe hazikuwahi kuuota. Mwaka 1992 duka likafungwa baada ya misukosuko ya kisheria, Fendi ikiwa mbele, na miongoni mwa mawakili wa Fendi enzi hizo alikuwamo Sonia Sotomayor, ambaye 2009 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Halafu 2017 Gucci ikaonyesha jaketi lenye mikono iliyofura, likifanana mno na lile ambalo Dan alimshonea mkimbiaji Diane Dixon miaka ya themanini. Watu wakapiga kelele. Mwaka uliofuata Dan akafungua karakana mpya Harlem, mara hii kwa vitambaa vilivyotoka Gucci wenyewe. Yaani miaka 25 baadaye mwizi wa jana kawa mshirika. Mimi nasema hakubadilika Dan, lakini sitawalazimisha mkubali.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi watu wa pwani? Yanatuhusu sana. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa, iliyofumwa viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1820 na 1830, ndipo tukaipa jina la kwao. Ilikuwa nguo ya kila mtu, na ya mtumwa khasa. Waliotaka waliitia nili ikawa kaniki. Kisha zikaja leso, neno la Kireno hilo, vitambaa vya mraba vilivyoletwa vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Wanawake wetu wakanunua sita pamoja, wakavikata mapande mawili ya tatu tatu, wakayashona likawa vazi moja lisilokuwako katika duka lolote. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kiwandani kitambaa kizima chenye sura ile, ndiyo kanga. Na baada ya utumwa kukomeshwa Unguja 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaziacha merikani na kaniki wakavaa kanga, ili mtu asiusome utumwa miilini mwao. Laura Fair kalieleza hili kwa kina katika Pastimes and Politics (2001). Hapo pia mkono wa mwanamke wa Ng'ambo ulitangulia kiwanda. Kwa hiyo kijana wa Kiswahili akichukua kiatu cha kampuni ya Marekani akakigeuza, hajaiga mambo ya watu. Bibi zake walikifanyia kitambaa cha Marekani mambo hayohayo.

Haya, tuingie gereji. Kosa la kila anayeanza ni kupaka rangi juu ya kiatu kama kilivyotoka kwenye boksi. Ngozi ya kiwandani imefunikwa utando mwembamba unaong'aa, na rangi juu ya utando huo haishiki, hubanduka kama ngozi ya nyoka. Utando uondolewe kwanza kwa pamba iliyochovywa asetoni kidogo, unasugua taratibu mpaka mng'ao uishe na ngozi ibaki imefifia. Dirisha liwe wazi, glovu mkononi, na moto wowote uwe mbali, kwani asetoni hushika moto upesi sana. Plastiki usiiguse nayo, itayeyuka.

Rangi yenyewe iwe akriliki ya ngozi. Wengi hutumia ya Angelus ya California, nami pia. Rangi ya ukuta haifai, wala rangi ya kucha, na sababu ni moja: kiatu hukunjwa pale penye vidole kila hatua, maelfu ya mara kwa siku. Rangi ya kawaida ikikauka huwa ngumu, ikikunjwa hupasuka. Ya ngozi ina gundi inayovutika, inakunjika pamoja na kiatu. Lakini hata hiyo ukiipaka nzito itapasuka tu. Iwe nyepesi kama maziwa, isiwe kama mtindi. Tabaka la kwanza litakukatisha tamaa, utaona michirizi na weupe unachungulia; usiongeze. Liache robo saa likauke, au lipulizie draya ya nywele, kisha lifuate la pili, la tatu, hata la sita. Manjano na nyekundu juu ya nyeusi hazitokei kabisa bila ya kupaka nyeupe chini yake. Na kabla ya yote kiatu kijazwe karatasi mpaka kinyooke, manake ukipaka juu ya kunyanzi, kunyanzi hilo halifutiki tena.

Mistari iliyonyooka huwatesa watu bure. Bandika ule utepe wa karatasi wanaotumia mafundi wa rangi za magari, kisha pitisha ukingoni mwa utepe rangi ileile iliyo chini. Kitakachopenya ni rangi ya chini, haitoonekana, na upenyo utakuwa umeshazibwa. Ndipo upake rangi mpya. Ukibandua utepe, mstari unakuwa kama umekatwa kwa wembe. Mwisho kabisa ni tabaka la kulinda, la kung'aa au la kufifia, kisha kiatu kipumzike siku nzima, na mimi huviacha hata wiki. Soli siipaki. Mpira na sponji haviishiki rangi kwa muda mrefu, utapaka Ijumaa na Jumapili imeshabaki kwenye sakafu ya msikiti au kanisa. Ngozi ya manyoya, hii ya kushika kama mahameli, nayo haitaki rangi ya juu, inageuka gamba. Hiyo itiwe rangi ya kunywewa, kama tunavyotia nguo, kisha isuguliwe kwa brashi kavu ili vimanyoya visimame.

Nguo ni rahisi zaidi, na ndiko ninakowashauri vijana waanzie. Fulana ya pamba ifuliwe kwanza bila ya dawa ya kulainisha, itiwe kadibodi ndani ili rangi isivukie mgongoni, na rangi ikishakauka ipigwe pasi upande wa ndani dakika chache, moto ndio unaoifunga. Jiki nayo hufanya maajabu juu ya pamba nyeusi, ingawa aghalabu haitoi weupe bali rangi ya kutu. Ikifika unapotaka, suuza upesi, la sivyo itaendelea kula uzi hata wewe umelala. Poliyesta haibadiliki, hariri na sufu huharibika kabisa. Na jiki isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani mvuke wake ni sumu, hilo si jambo la mzaha.

Sindano nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo ninayoipenda. Mama yangu mdogo alishona kofia za vitobo miaka arubaini, na kofia moja nzuri humchukua mtu miezi. Wenzetu wa Oman waliotoka Unguja watanielewa, maana kumma zao ni ndugu wa kofia hizi. Sasa kiangalieni kiatu cha Air Force 1 pale juu ya vidole: kiwanda kimeshatoboa vitundu vyake, vimepangwa kwa safu. Vinaomba uzi! Nilichukua sindano iliyopinda na uzi wa kofia, nikavizungushia kimoja kimoja, vidole vya mkono wa kushoto vimo ndani ya kiatu vinaisubiri sindano. Jioni nne kwa mguu mmoja. Ngozi husaga uzi, kwa hiyo kwanza niliupitisha kwenye nta. Kiatu kile hakina rangi hata tone, na ndicho ninachoulizwa kuliko vyote.

Hapo pana suala ambalo kwa jamaa zetu haliepukiki: nini cha kuandika mguuni. Mwaka 1997 Nike ilikubaliana na jumuiya ya Waislamu wa Marekani, CAIR, kuviondoa madukani viatu kiasi ya 38,000, kwa sababu neno la Kiingereza la "hewa" lililoandikwa kwa mtindo wa ndimi za moto lilionekana kama jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu. Hakuna aliyekusudia, lakini kiatu hukanyaga, hupita chooni, huachwa mlangoni. Mara mbili nimeletewa viatu niandike aya au dua, na mara mbili nimevirudisha vitupu. Jina la kanga je? Mimi niliona hakuna ubaya, nikaandika methali ubavuni mwa kiatu cha binti yangu. Bibi yake alipokiona kwenye simu hakunigombeza, aliuliza tu, "Maneno siku hizi mnayakanyaga?" Tangu hapo maneno ninayaweka kwenye mgongo wa jaketi, na viatuni ninaweka korosho, nyota na mawimbi.

Tuje kwenye sheria, na mimi si wakili, nasema niliyoyasoma na niliyoyaona. Kiatu ulichonunua ni chako. Ukipaka, ukakata, ukakichoma moto, hakuna wa kukuuliza. Hata kukiuza tena kama kilivyo ni haki yako. Matata huanza pale unapouza kilichogeuzwa huku bado kina alama ya kampuni, kwani mnunuzi anaweza kudhani kampuni ndiyo iliyokitengeneza au kukiridhia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 1947, katika kesi ya plagi za magari za Champion, kwamba plagi kuukuu zilizotengenezwa upya zaweza kuuzwa na jina lake la asili, mradi ielezwe wazi kwamba zimetengenezwa upya. Lakini huko ilikuwa ni kutengeneza kitu kirudi kilivyokuwa. Kukigeuza kikawa kitu kingine ni mlango mwingine.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Machi 2021. Kundi la MSCHF la Brooklyn lilichukua jozi 666 za Air Max 97, likazipa sura ya kishetani pamoja na mwimbaji Lil Nas X, likatia ndani ya soli wino na tone la damu ya mtu, likaziuza kwa dola 1,018 kila jozi. Nike ikashitaki, na mwezi uliofuata wakapatana, kundi likakubali kuwarudishia fedha wanaotaka kuvirejesha. La kuchekesha ni kwamba 2019 kundi hilohilo lilitia maji ya Mto Jordan kwenye kiatu cha aina hiyohiyo, wala hawakushitakiwa. Na 2024 Nike ilimfungulia kesi ya dola milioni 60 yule anayejiita Shoe Surgeon wa Los Angeles, fundi ambaye huko nyuma walikuwa wamefanya naye kazi. Kwa hiyo kunyamaziwa leo si ruhusa ya kesho, hili naomba wazazi walishike.

Mpwa wangu, miaka 19, alilipata kwa njia yake. Alikuwa akiuza mtandaoni viatu vyeupe alivyovichorea alama za nyumba moja ya mitindo, si mali ya kampuni ya kiatu wala si yake. Barua ikaja kutoka kwa mawakili, kurasa tano, nyumba nzima haikulala. Tukakaa naye na wakili wa kweli. Kilichomtia hatarini zaidi si brashi, ni kuibeba alama ya mtu wa tatu na kuiuza. Akatakiwa kuviondoa vyote na kutia saini kwamba hatorudia, akatia, ikaishia hapo. Angekuwa ameuza jozi elfu badala ya kumi na nne sijui ingeishia wapi.

Siku hizi haweki kiatu cha kuuza hata kimoja. Mteja huja na kiatu chake mwenyewe, yeye hutoza kazi ya mkono kwa saa. Jina la kampuni yoyote halimo katika tangazo lake, na kila boksi hutoka na kikaratasi kwamba kazi hii ni ya fulani, haina uhusiano na aliyekitengeneza kiatu. Wakili alimwambia hatari imepungua, hakusema imekwisha. Michoro ni yake: anachukua mikunjo ya milango ya Lamu na pindo za kanga za mama yake, na kwa jozi moja hutumia saa kumi mpaka kumi na mbili. Mwezi uliopita alikuwa na maombi tisa. Mama yake analalamikia harufu ya asetoni tu, na hilo nimemwambia anunue feni ya dirishani.

Wasalaam.